Fremu ya Mama

Mama anatimiza miaka 70 mwezi ujao, na mimi na kaka tumekubaliana tumnunulie fremu ya picha ya kidijitali, ile skrini ndogo inayoonyesha picha moja baada ya nyingine. Leo nimezunguka maduka ya Luwum Street na William Street hapa Kampala mpaka jioni. Zawadi hii naitaka kwa moyo wote. Picha za ukoo wetu zimetapakaa kwenye simu za watu, na Mama, anayezitamani kuliko sote, hawezi kumwona mjukuu bila kuomba simu ya mtu.

Muuzaji wa kwanza alinisifia fremu ya Wi-Fi. "Nyabo, hii hata ukiwa Dubai unatuma picha, inaingia yenyewe." Ni kitu kizuri kweli. Lakini kwetu, nje kidogo ya Arua, hakuna Wi-Fi. Mama hununua bando la siku akitaka kuongea nasi WhatsApp, na sitaki zawadi yangu imlie bando. Nikaulizia ya memori kadi.

Halafu kuna umeme. Fremu nyingi hazina betri, ukizichomoa zinazimika. Mama anatumia sola, kwa hiyo kila duka niliomba kwanza kuona chaja. Ya volti 5 na ampea 2 haizidi wati 10, na inaweza kuchomekwa kwenye tundu la USB la sola, mradi tundu lenyewe litoe ampea hizo. Nyingine ilikuja na chaja ya volti 12. Hiyo ingetaka inveta au waya wa kuungaunga, nikairudisha.

Skrini niliiangalia kutoka ubavuni, maana Mama hukaa pembeni mwa sebule, karibu na mlango. Zile za bei rahisi ukizitazama kwa upande nyuso zinafifia, ila zenye skrini ya IPS rangi inabaki. Nimechukua ya inchi 8, yenye uwiano wa 4:3, yaani si pana sana, inayoweza pia kusimamishwa wima. Picha zetu za zamani zote ni za studio, za wima. Skrini pana huziachia weusi mkubwa pande mbili, na ukiiamuru izijaze, inakata vichwa.

Kilichonisumbua zaidi ni Baba. Tunayo picha yake moja ya ujanani: koti limempwaya mabegani, mkono mmoja juu ya kigoda, nyuma yake pazia lililochorwa maua. Mama huifuta kioo kwa ncha ya kitenge kila Ijumaa. Kaka aliipiga kwa simu karibu na dirisha, bila flashi ili kioo kisimeremete, akanitumia kama hati, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha inaipunguza ubora. Imetoka safi mno. Sasa je, Baba apite kila baada ya sekunde 10, katikati ya keki za watoto na sare za shule? Kaka anasema tusimweke kabisa, Mama atalia. Mimi naona kumwacha nje ya fremu ya nyumba aliyoijenga ni vibaya zaidi. Na akilia, alie. Ni mumewe.

Nimenunua kadi mbili. Moja ina wajukuu, nayo itabadilika haraka. Ya pili ina Baba na wazee wengine, na hiyo nitaweka kila picha ikae saa nzima. Mama mwenyewe atachagua achomeke ipi, siku gani. Kaka hajakubali bado, ila hajakataa tena.

Inakosekana picha ya harusi yao, iliyo kwa shangazi kule Koboko. Shangazi kasema haitoki nyumbani kwake hata kwa siku moja. Basi kaka atapita Jumamosi aipige hapohapo.