Mpiga kinanda wa kwaya kwenye darasa la baleti

Mwenzenu napiga kinanda kwaya toka niko fom two, kwa hiyo nilipoambiwa kuna darasa la baleti la watoto linatafuta mtu wa kuwapigia Jumamosi nikaona mteremko. Dakika za kwanza mambo freshi, watoto wameshika ile bomba ya ukutani wanakunja magoti taratibu, mwalimu anahesabu moja mpaka nane, halafu sijui shetani gani akanipitia nikaona pamepoa sana nikachomekea kasebene kadogo. Nusu ya darasa wakakata kiuno, mmoja akaanguka chali. Mwalimu akaja akaegemea kinanda, kwa upole kabisa, "Kaka, hapa miguu ndo inaongoza, wewe unaifuata."

Iliniuma kidogo. Mpaka nilipoanza kusoma nikakuta hata Tchaikovsky mwenyewe, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa Urusi, alikuwa anapewa oda kama fundi cherehani. Marius Petipa, bosi wa baleti kule St Petersburg, alikuwa anamwandikia kila kitu, mwendo gani, mapigo mangapi, baa ngapi (vile vipande vya mapigo kwenye muziki jamani, sio za bia). Kwenye baleti yao ya The Nutcracker ya 1892 kuna sehemu mti wa Krismasi unakua mpaka unajaza jukwaa, Petipa aliagiza baa 48 za muziki wa maajabu unaopanda. Isikilize na hedifoni, violini zinapanda, zinarudia, zinapanda tena juu zaidi mpaka kifua kinabana, huwezi kuamini kwamba mtu kapimiwa na futi.

Na humohumo kwenye oda jamaa alikuwa mjanja. Mwaka 1891 alikutana Paris na chombo kipya, chelesta, kina vitufe kama piano ila nyundo zake zinagonga vibao vya chuma, sauti kama vikengele vidogo. Akamwandikia mchapishaji wake akiagize kimyakimya, asionyeshwe mtu, anaogopa watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wasije wakamuwahi. Yaani kabisa prodyuza na biti yake mpya.

Sasa aliyekuja kuvuruga hii habari ya kuifuata miguu ni Stravinsky, mtunzi mwingine Mrusi. Paris, tarehe 29 Mei 1913, baleti ya Le Sacre du printemps. Violini zinapiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja, sio ya nyumba) ileile, tena ileile, ila mkazo unadondokea usipotegemea, ukijiandaa hapa unapigwa pale. Watu ukumbini wakaanza kucheka, wakazomea, kelele mpaka wachezaji hawasikii okestra. Nijinsky aliyetunga ile dansi akapanda kiti pembeni ya jukwaa anawapigia kelele za hesabu kwa Kirusi, na Stravinsky alieleza baadaye kwamba namba za Kirusi zikishavuka kumi zinakuwa ndefu, mdomo hauwahi mapigo. Nikacheka peke yangu kwenye daladala. Hebu jaribu wewe kusema kumi na saba kumi na nane kwa spidi hiyo.

Baadaye Marekani mtunga dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage wakaona ya nini kugombana, kila mtu atengeneze chake, wachezaji wanafanya mazoezi na saa ya kupimia muda, muziki wanausikia siku ya shoo. Mimi hiyo naiheshimu tu, sijaipenda. Ila ile baleti ya mtunga dansi William Forsythe ya 1987, In the Middle, Somewhat Elevated, muziki wa Thom Willems, wote wa mashine, hiyo ilinishika vibaya, mapigo kama mtu anabamiza geti la chuma na bado wale mabinti wako juu ya vidole.

Jumamosi iliyofuata nikarudi bila sebene. Kabla watoto hawajaingia nikawa natafuta sauti kwenye kinanda changu, kumbe chelesta imo, ipo baada tu ya zile piano, miaka yote naipita nikikimbilia stringi za pambio. Nikapiga noti mbili tatu. Yule aliyeanguka wiki ile akachungulia mlangoni, "Anko, hiyo tunahesabu mpaka ngapi?"