Nani akae na Shuwari birikani

Jana baada ya alasiri mpwa wangu aliingia uani na ndoo ya rangi, kaikumbatia kwa mikono miwili, maji yakimrukia kanzuni.

"Khalti, nimemletea Shuwari wenziwe."

Nikachungulia. Visamaki vinne, hakuna kilichofika urefu wa kidole cha shahada. Viwili vimepauka kama maji ya mchele, viwili vina mikia myekundu kama kaa la moto na miili ya buluu inayomeremeta. Kavivua kwa kipande cha chandarua, kwenye dimbwi lililojazwa na masika huko njia ya bonde la Cheju.

Shuwari ni kobe wangu wa maji. Watu wakisikia kobe huwafikiria wale wa kisiwa cha Changuu, walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, lakini wale ni wa nchi kavu. Huyu asili yake ni mito na maziwa ya kusini mwa Marekani, ana mstari mwekundu nyuma ya kila jicho, na niliachiwa na jirani aliyehama, wakati huo akiwa na ukubwa wa kisosi. Sasa gamba lake lina sentimita 23. Anaishi katika birika la saruji alilolijenga marehemu bibi katika ua wetu hapa Fuoni, mita mbili kwa moja, maji yakifika magotini, na jiwe pana limechomoza upande wa jua ili apate pa kujianika. Zamani tulikuwa tukichukulia udhu humo. Siku hizi twachukulia bombani, kwani kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima kabisa, na kila anayemgusa lazima anawe kwa sabuni, watoto khasa.

Nilipomhamishia birikani nilimwona kama mpweke. Nikenda mjini nikanunua samaki wa dhahabu sita, muuzaji akaniapia kuwa watapatana. Asubuhi nilikuta wawili, na mmoja wao hana mkia. Niliumia, maana wale samaki niliwatoa mahali salama nikawatia mdomoni mwa mtu. Baadaye nikajua kwamba hata kama chakula hawafai: nyama yao ina kitu kinachoharibu vitamini B1, na kobe akiwala mara kwa mara hudhoofika.

Tangu siku hiyo namtazama kila samaki kwa upande wake yeye, wala si kwa upande wa Shuwari. Shuwari hahitaji mwenza. Kobe wa aina yake hukaa peke yake bila ya taabu, na ukimtilia kobe mwingine mara nyingi wataumana, khasa birika likiwa dogo. Samaki ndiye atakayelala usiku na jirani mwenye mdomo mkali. Basi lazima awe mkubwa asimezeke, mwepesi wa kukimbia, asiwe na miba, na ayastahimili maji mazito. Hili la maji wengi hulisahau. Kobe anakula sana na anachafua sana, na amonia, sumu itokayo kwenye uchafu huo, huwaua samaki dhaifu kabla hawajaumwa hata mara moja. Nina pampu yenye chujio la sponji, na kila Ijumaa nachota thuluthi ya maji nikaipeleka kwenye migomba. Migomba yangu imenenepa, mashaallah.

Ami yangu ana bwawa la samaki. Yeye alinishauri nitie kambare, "hao hawafi, mwanangu." Nilimkatalia kwa adabu. Mapezi ya kambare yana miba migumu inayoweza kumkwama kobe kooni, na kambare naye ni mlaji wa wenziwe. Tukakubaliana perege. Akanipa wanane, kila mmoja karibu shubiri nzima. Niliwaweka kwanza mwezi mmoja ndani ya pipa, wasije wakaleta maradhi, kisha nikalaza birikani vipande vya bomba la inchi nne. Perege anapita humo, gamba la Shuwari halipiti. Hayo mabomba ndiyo yaliyofanya kazi kubwa kuliko kitu chochote nilichofanya.

Hata hivyo wawili wamekwenda. Waliobaki sita wana mwaka na zaidi. Wanazaa, na vifaranga karibu vyote huliwa, na hilo nimelikubali, kwani birika lisingewatosha. Shuwari namlisha mwanzo, matembele na dagaa kidogo, ndipo samaki nao wapate chao. Akishiba huwaacha wapite hata chini ya shingo yake.

Sasa visamaki vya ndooni. Nilimkalisha mpwa wangu barazani nikamwambia kwamba samaki hawa porini hawapatikani nchi yoyote ila hapa kwetu Unguja. Dimbwi likikauka wanakufa wote, lakini mayai yao hubaki ndani ya tope, yanangoja. Mvua ikirudi yanaanguliwa, na kwa wiki chache tu wamekuwa wakubwa, wanataga tena. Shuwari angewamaliza wote wanne nisijemaliza kusema. Na ndiyo maana, nikamwambia, hata nikichoka naye vipi, Shuwari sitamwachia Mto Mwera wala dimbwi lolote la kisiwa hiki.

Alinyamaza kidogo. "Basi tuwarejeshe, Khalti."

Tukapanda daladala, ndoo mapajani kwangu, kisha tukatembea. Nilitaka dimbwi lile lile, si jengine. Alimimina taratibu. Mkia mwekundu ukageuka mara moja ukapotelea kwenye maji ya tope. Adhana ya magharibi ilitukuta palepale, yeye anatafuta kijiti cha kuchomeka ukingoni, ili vuli ikija alijue dimbwi lake.