Samaki wa Kigoma anauzwa Mong Kok, tena si wa kula

Dola mia tatu na themanini. Za Hong Kong, sawa, lakini piga hesabu mwenyewe: ni kama laki na ishirini ya kwetu, kwa samaki mmoja anayeenea kiganjani, na ole wako umtie kwenye mafuta. Kwa hela hiyo pale Kibirizi, mwaloni Kigoma, ungeondoka na migebuka ya kulisha msiba.

Mtaa wenyewe unaitwa Tung Choi, eneo la Mong Kok, upande wa Kowloon hapa Hong Kong. Kusini ni soko la nguo na mikoba ambalo kila mtalii amepita. Ukipanda kaskazini kuelekea stesheni ya Prince Edward, ghafla maduka yote ni samaki. Hawako kwenye matangi tu. Wametiwa kwenye mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, wakatundikwa kwenye nondo za mlangoni kuanzia gotini mpaka juu ya kichwa, na bei imeandikwa juu ya mfuko kwa kalamu ya wino mzito. Maji yanawakuza: ukimtazama samaki kwa ubavu unamwona jitu, ukizunguka mbele anasinyaa. Ndani zaidi kuna kobe, mijusi na nyoka wembamba kwenye vikasha vya plastiki. Watu hawa wanaishi kwenye vyumba ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na nyumba za serikali kwa kawaida haziruhusu mbwa, kwa hiyo samaki ndiye mfugo wa wengi. Hilo silicheki. Chumba ninachopanga mimi kimekatwa kutoka kwenye nyumba ya mtu, na choo kiko hatua moja kutoka jiko.

Sasa kilichonichemsha. Kwenye tangi moja nikaona samaki mwenye nundu kwenye paji la uso na mistari myeusi saba, na lebo chini yake, pamoja na Kichina, imeandikwa kwa herufi kubwa: FRONTOSA KIGOMA. Kigoma! Nikatoa simu nipige picha, mzee mwenye duka akanifokea mbele za watu kama kibaka. Maduka mengi pale hayataki picha, ni kweli, lakini kuna namna ya kusema. Nilikuwa na pasipoti mfukoni kwa sababu nilitoka kutuma hela nyumbani. Nikaifungua ukurasa wa mbele, nikamwekea kidole palipoandikwa mahali pa kuzaliwa.

Mzee akavaa miwani. Akasoma pasipoti, akasoma lebo, akarudi kwenye pasipoti. Akamwita mkewe. Mara nimeletewa kigoda na chai isiyo na sukari, na maswali yananishukia: maji ni ya joto kiasi gani, mawe yanaanzia wapi, mamba wapo? Ziwa letu, Tanganyika, analijua kwa kichwa: mita 1,470 kwenda chini, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, nchi nne zinaligawana. Akanionyesha kwenye simu yake picha zilizopigwa chini ya maji. Nimeoga kwenye ziwa lile utoto wangu wote, na chini yake nimepaonea Mong Kok.

Wafugaji wa samaki wa mapambo, kumbe, huwatofautisha kwa mahali walipotoka, maana samaki wa aina moja hubadilika rangi kutoka mwambao mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mzee anataja Ikola, Kipili na Mpimbwe kama kondakta wa basi la Sumbawanga. Nikavimba kichwa, nakiri. Kisha nikauliza huyu wa Kigoma alisafirishwaje. Akasema hajasafiri popote, amezaliwa Taiwan, kwenye shamba la samaki. Wazazi wake pia.

Hapo ndipo hasira ilipohama kutoka kwa mzee. Jina letu, samaki wetu, na fedha inazunguka Asia bila kupita Kigoma hata kusalimia. Tunasifiwa dagaa tu. Kijana wa Kibirizi au Katonga anashindwa nini kufuga hawa kwenye matangi kwa utaratibu halali, ilhali maji yako mlangoni? Ataanza kwa mtaji gani, utaniuliza. Najua, najua.

Picha nilipigiwa na mke wa mzee mwenyewe, bei haikushuka hata senti. Nikairusha kwenye kundi la familia, na hapo yakaanza. Binamu yangu anataka kunitumia vinyonga na wale kobe bapa wa kwenye miamba, “tugawane nusu kwa nusu.” Wadogo zangu, sikilizeni. Tangu 2019 kobe hao waliotolewa porini ni marufuku katika biashara ya kimataifa. Hong Kong nayo tangu 2018 adhabu ya juu kwa magendo ya wanyama walio hatarini ni miaka kumi jela na faini ya dola zao milioni kumi. Magereza ya huku yana Watanzania wa kutosha waliobebeshwa mizigo. Na anayekwambia njoo tu, kazi utaipata ukishafika, mwambie kuingia kama mgeni hakukupi ruhusa ya kuajiriwa hata kuosha sahani.

Binamu kanijibu kwa sauti ya dakika nzima. Ameelewa, anasema, basi nimuulizie bei ya kenge.