Kumbukumbu ya mradi: lishe inavyopanda kutoka kwenye agari

Chupa ya mshazari imeipita ile ya wima kwa kusambaza rangi, na tofauti inaonekana kwa macho.

Kwa anayeanza kufuatilia sasa: naiga jinsi maabara zinavyokuza leishmania, kimelea cha kalaazar kinachoenezwa na usubi na kinachowatesa watu wa Baringo na Turkana. Chini ya chupa kuna agari (jeli itokanayo na mwani) yenye damu ya sungura, juu yake kimiminika kidogo ambamo vimelea huogelea. Wanasayansi Novy na MacNeal walitumia agari ya damu mwaka 1904 kukuzia tripanosoma, vimelea vya jamii ya kile cha malale. Nicolle akairahisisha mwaka 1908 kwa ajili ya leishmania. Hakuna pampu wala mwiko. Glukosi na vinginevyo vilivyomo kwenye damu hutoka kwenye agari vyenyewe, polepole.

Hapa nyumbani sitii damu wala kimelea, na sitatia. Natumia agari ya faluda niliyonunua Marikiti, na rangi nyekundu ya chakula niliyoichanganya humo ndiyo lishe yangu ya mfano. Chupa moja iligandia wima, nyingine niliilaza kidogo, kisha nikamwagia maji kiasi kilekile. Ya wima ina utepe mwekundu chini na maji meupe juu. Ya mshazari imeiva rangi karibu yote.

Sababu ni umbali. Umbali ukizidi mara mbili, muda huzidi mara nne. Glukosi majini huhitaji kama dakika 12 kusafiri milimita moja, lakini sentimita moja huichukua kama saa 20! Mshazari hutandaza agari, maji yakawa membamba, na hakuna kimelea kinachokaa mbali na chakula.

Kwa malaria hesabu hii ni kali zaidi. Watafiti Trager na Jensen walipofanikiwa kukuza Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, mfululizo mwaka 1976, vimelea vilikuwa ndani ya chembe nyekundu za damu, nazo huzama. Ndiyo maana kimiminika huwekwa kina kifupi na kubadilishwa kila siku, maana asidi ya laktiki, taka ya vimelea, nayo hujazana palepale chini. Ninachokipenda hasa ni isolusini: kimelea hula hemoglobini, protini ya chembe nyekundu, lakini hemoglobini ya mtu mzima haina asidi amino hiyo hata chembe, kwa hiyo lazima ipenye kutoka nje.

Sasa nataka kupima athari ya joto. Leishmania wa chupani hupenda kama nyuzi 26, na dirishani kwangu Februari hupita 30. Chupa moja itakaa hapo, nyingine kwenye friji.