Siku moja maishani mwangu: nasoma MBA India, data zangu ziko Mtwara msimu wa korosho

Saa kumi na moja alfajiri simu inaanza kuita mfululizo. Huku Mtwara bado giza ila kule Pune, India, ni saa moja na nusu asubuhi, wenzetu wanatutangulia masaa mawili na nusu, kwa hiyo grupu la darasa limeshachangamka, huyu anauliza asainimenti inaisha lini, yule kaleta picha ya chai. Najibu mbili tatu naamka. Bibi keshaswali, yuko uani anachochea moto.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu, leo shule iko wapi?"
"Leo iko ghalani bibi."
"Haya kunywa chai kwanza, huko ghalani hawakupi chai."

Niseme mapema maana wengi wananiuliza inbox. Nipo mwaka wa pili MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, nimechukua upande wa biashara ya kilimo, chuo kiko Pune, na muhula huu nimepewa ruhusa nije nyumbani kukusanya data za project. Watu wanashangaa, umetoka Mtwara ukaenda India kusoma korosho? Ndiyo, na narudia tena ndiyo. Korosho yetu sehemu kubwa inatoka hapa ikiwa ghafi, inapanda meli kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko. Sikukuu ya Diwali pale Pune maduka yanajaa maboksi ya zawadi, ndani kuna lozi, zabibu na kaju, yaani korosho, imeandikwa W320 au W240, maana yake punje nzima nyeupe ngapi zinaingia kwenye ratili moja (paundi, karibu nusu kilo), namba ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei iko juu. Nilisimama pale dukani nikawa namuwaza mama yangu, amelima korosho maisha yake yote na hiyo W320 hajawahi kuisikia.

Saa kumi na mbili na nusu niko kwenye hiace njia ya Nanyamba, nimebanwa dirishani na begi la laptopu mapajani. Tunapita Naliendele pale kwenye kituo cha utafiti, wale ndio wamehangaika miaka na miche bora na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Barabarani nasoma meseji za ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na hapa kwa mnaotaka kwenda India niwaambie ukweli. Ukifika na viza ya zaidi ya siku 180 unatakiwa ujisajili FRRO, ofisi yao ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, usisubiri. Mahudhurio wanataka asilimia 75 na wanahesabu kweli. Na viza ya mwanafunzi haikuruhusu kuajiriwa, zile stori za kwamba utapata kazi ya jioni ujilipie ada zifute kabisa kichwani, hela lazima itoke nyumbani au kwa mfadhili.

Kwetu hela ni korosho. Ada inatakiwa Julai, mnada wa korosho unaanza Oktoba. Hiyo miezi katikati familia nzima inakopa huku na huku, mjomba anauza mbuzi, mama mdogo anatoa hela ya kikoba. Ndio maana mtu akiuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, mwezi wa nane kwa bei ya kutupa, wengine wanamsema, mimi siwezi kumsema, mtoto karudishwa ada na mnada uko mbali, wewe ungefanyaje?

Saa mbili asubuhi nafika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Magunia yamepangwa hadi nje, kina mama wamekaa kivulini chini ya mkorosho wanasubiri mizani, karani anaita majina. Nasalimia wakubwa mmoja mmoja, huwezi kufika na daftari ukaanza kuuliza maswali hujasalimia, hata mwenyekiti atakuona huna adabu.

Kazi yangu ya leo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nachukua sampuli kilo moja kutoka gunia la mama mmoja kabla halijachanganywa na ya wengine. Nahesabu kwanza, zinatoka korosho 196 na maganda yake. Halafu naanza kukata moja moja kwa kile kimkasi cha kubana, na glavu mkononi maana mafuta ya ganda yanababua vidole. Nzuri naweka huku, zenye madoa na zilizosinyaa kule, zilizooza natupa. Nzuri gramu 272, za madoa gramu 12 ambazo zinahesabiwa nusu, jumla 278, ukipigia hesabu ya gunia la kilo 80 unapata kama ratili 49 za punje nzuri. Kipimo cha unyevu kinasoma asilimia 9. Mnunuzi wa Kollam kule India au wa Vietnam akiona hizo namba anajua anachonunua.

Nachukua sampuli ya gunia la pili, la jirani yake. Ratili 45. Unyevu 12, hazijakauka kama za kwanza.

Huyu wa kwanza nikamuuliza mama umefanyaje? Akaniambia mwanangu mimi naokota kila asubuhi, sisubiri zilale chini na umande, natenganisha na bibo, lile tunda lake, siku hiyohiyo, naanika kwenye mkeka siku tatu, jioni nazifunika, nageuza mpaka mgongo unauma. Nikauliza, na bei je? Akacheka kidogo akasema bei ni ya mnada, tunalipwa sawa wote, kilo ni kilo.

Hapo ndipo project yangu yote ilipo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anaweka mzigo ghalani anapewa risiti na mzigo unauzwa mnadani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08 umesaidia, hilo sibishani na mtu, kabla yake mkulima alikuwa mikononi mwa mnunuzi anayekuja na mizani yake. Ila ukishaingiza mzigo ni daraja la kwanza au la pili basi, ndani ya daraja moja korosho zinachanganywa, loti, yaani huo mzigo wa pamoja, inapimwa nzima, inauzwa nzima, na aliyegeuza mkeka siku tatu anapata bei ileile ya aliyewahisha gunia lina unyevu. Mnunuzi analipia ubora wa wastani na mkulima mzuri anambeba mwenzake. Mimi hili linaniuma sana, sisemi kama mtafiti, nasema kama mtoto wa mkulima.

Mchana wali na samaki kwa mama ntilie, haraka haraka.

Saa nane na nusu supavaiza wangu wa chuo anapiga Zoom, kwake saa kumi na moja jioni. Mtandao unapatikana ukisimama karibu na mnazi nyuma ya ghala, kwa hiyo nimesimama pale laptopu juu ya gunia. Namwambia pendekezo langu, kila mkulima apimwe kwa kukata pale AMCOS na bei ifuate ratili. Anasikiliza, anauliza swali moja tu: sampuli moja inakuchukua muda gani? Nusu saa, sir. Na leo wamekuja wakulima wangapi? Nikaangalia ile foleni. Akasema basi rudi kwao, waulize wao wangekubali nini.

Nikarudi chini ya mkorosho nikawauliza. Wakabishana kweli, baba mmoja anasema ni kuleta ugomvi kati ya majirani, mama wa ratili 49 akasema tujipange vikundi, watu kumi kumi wanaoaminiana, wakague wenyewe kwenye mkeka, mzigo wao upimwe kwa pamoja na uuzwe peke yake. Hakuna keisi hata moja ya biashara tuliyosoma darasani iliyonipa jibu la namna ile, nimeandika maneno yake kama alivyosema.

Saa kumi na mbili jioni niko nyumbani, naoga, nakula na bibi. Saa mbili usiku naingiza namba kwenye Excel, umeme ukakatika kidogo ukarudi. Saa nne naandika imeili kwa supavaiza, naomba nibadilishe sura ya tatu, badala ya mkulima mmoja mmoja nipime vikundi, na naomba wiki moja zaidi kabla sijakata tiketi ya Dar kwenda Mumbai. Kwake ni usiku wa manane atajibu asubuhi. Nimempigia na mwenyekiti wa AMCOS, amekubali niwakutanishe kina mama kumi wa kikundi cha kwanza Jumatatu kabla ya mizani kufunguliwa, na amesema yeye mwenyewe atakuja na turubai.