Chupa ikipasuka kabla ya wakati

Maji ya uzazi yakitoka kabla ya wiki 37 na uchungu haujaanza, mtoto bado anahitaji kukaa tumboni, lakini ukuta uliokuwa ukimkinga na vijidudu umeshatoboka. Kazi yote ya mkunga na daktari ni kumwongezea mtoto siku bila kuruhusu maambukizi yampate yeye au mama yake. Karibu nusu ya akina mama hawa hujifungua ndani ya wiki moja, kwa hiyo muda uliopo ni mfupi na haufai kupotezwa nyumbani kwa kungoja uchungu.

Mama, ukihisi umelowa na hujui kama ni mkojo, vaa pedi safi au kitambaa cheupe kilichofuliwa, tembea nusu saa, kisha kiangalie. Maji ya uzazi hayazuiliki kwa kubana, huendelea kuchuruzika hasa ukisimama au ukikohoa, na hayana harufu ya mkojo. Yakiwa ya kijani, yana damu au yananuka, ni dharura. Andika saa yalipoanza. Usijamiiane, usijisafishe ndani kwa vidole wala maji ya dawa, na usiweke mitishamba ukeni hata kama shangazi anasisitiza. Mumbwa, ule udongo wa mitishamba wanaopewa wajawazito, nao uache, kwa sababu hakuna anayejua kipimo cha kilichochanganywa humo. Beba kitabu cha kliniki uondoke, na usichelewe kwa kuwa Mama Kit, yaani mfuko wa vifaa vya kujifungulia, haijatimia. Ukiona kamba ya kitovu imetokeza, piga magoti, kifua chini na makalio juu, usiirudishe ndani, na gari litafutwe papo hapo. Kwenye boda huwezi kukaa hivyo.

Sasa kwa wahudumu, na hapa nasisitiza: kama mama hana uchungu, usimpime njia kwa vidole. Glavu safi haizuii kitu, kwa sababu kidole husukuma vijidudu vya ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi, na kadiri anavyopimwa ndivyo hatari ya maambukizi inavyopanda. Akipimwa kituo cha afya cha ngazi ya III, akapimwa tena cha ngazi ya IV, na tena anapopokewa hospitali ya rufaa, siku alizokuwa nazo zimeliwa njiani. Mlaze kama nusu saa ili maji yajikusanye, kisha tumia spekulamu (kifaa cha kufungua uke ili uone ndani) iliyotakaswa na taa nzuri. Mwambie akohoe. Ukiona maji yanashuka kutoka mlango wa kizazi na kutuama nyuma ya uke, jibu umelipata. Karatasi ya kupima asidi hudanganya kukiwa na damu, shahawa au maambukizi. Ultrasaundi nayo ikionyesha maji ya kutosha, haimaanishi chupa ni nzima.

Ikishathibitika kwamba chupa imepasuka, hesabu ya wiki za mimba ndiyo inayoamua kila kitu. Hapo ndipo ultrasaundi ya mapema au tarehe ya hedhi iliyoandikwa vizuri kitabuni inapookoa maisha.

Dawa ya kwanza ni antibiotiki ya erithromaisini miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku 10 au hadi ajifungue. Usimpe amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2001 uliihusisha na ugonjwa wa kuoza utumbo kwa watoto wachanga. Kati ya wiki 24 na 34, kama hakuna dalili ya maambukizi na mtoto atazaliwa mahali penye huduma ya njiti, achomwe deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, sindano nne, ili mapafu yakomae. Chini ya wiki 32, uzazi ukionekana kuwa ndani ya saa 24, magnesiamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa taratibu kwa dakika 20 huukinga ubongo wa mtoto.

Kisha ni kulinda zamu. Kila baada ya saa chache pima joto na mapigo ya mama, sikiliza moyo wa mtoto, bonyeza tumbo kwa upole, nusa pedi. Joto la 38 au zaidi, mapigo ya mama zaidi ya 100, ya mtoto zaidi ya 160, tumbo linalouma likiguswa, maji yanayonuka: hapo kungoja kumekwisha, hata akiwa na wiki 28. Aanzishiwe ampisilini gramu 2 kila saa 6 pamoja na jentamisini, na mtoto atolewe. Upasuaji si lazima. Uchungu wa kuanzishiwa mara nyingi unatosha. Kwetu Uganda homa hufikiriwa malaria kwanza, na kupima ni sawa, lakini kipimo cha malaria kikisoma chanya hakiondoi maambukizi ya tumbo la uzazi. Pia chembe nyeupe za damu hupanda baada ya deksamethasoni, basi zisisomwe peke yake.

Kati ya wiki 34 na 37 wataalamu wamebishana sana. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kuharakisha uzazi mama na mtoto wakiwa salama hakukupunguza maambukizi kwa watoto, na kuliongeza shida ya kupumua. Waliosubiri nao walivuja damu na kupata homa zaidi. Mimi naona kusubiri ni sawa pale tu ambapo kweli kuna mtu wa kumwangalia mama usiku. Wodi ikiwa na mkunga mmoja kwa wagonjwa wote, hesabu inabadilika, na familia ielezwe hivyo waziwazi.

Kabla ya wiki 24 mazungumzo ni magumu zaidi. Bila maji mapafu hayakui vizuri, na mama anaweza kuugua vibaya akingojea mtoto ambaye huenda asiishi. Aelezwe kwa lugha anayoielewa: Kiswahili kwa mama wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale au mji wa Bombo, si Kiingereza cha haraka. Uamuzi ni wake.

Mtoto akizaliwa, anayempokea aambiwe saa maji yalipoanza kutoka na dawa alizopata mama. Njiti aliyetulia awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Na mimba ijayo, mama alitaje jambo hili siku ya kwanza kliniki, kwa sababu linaweza kurudi; mkojo upimwe, na maambukizi ya ukeni yatibiwe mapema.