Kumpima Samaki Zebaki bila Kumuua

Sisi tunaoishi Malindi karibu na Sabaki hula kambare na perege wa mto huo kama tulavyo samaki wa baharini, na kwa kuwa maji yake huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, yakiitwa Athi kisha Galana kabla ya kutufikia, naona ni haki yetu kutaka samaki hao wapimwe zebaki, metali yenye sumu. Ninachopinga ni desturi ya kumuua samaki ili apimwe.

Zebaki ikiingia majini, bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hushikamana na protini za nyama na kuzidi kila kiumbe mdogo anapoliwa na mkubwa. Kwa hiyo samaki mzee alaye wenzake ndiye mwenye zebaki nyingi, na ndiye mtafiti anayemtafuta. Lakini jike mkubwa ndiye pia atagaye mayai mengi, na kumchinja ni kuupunguzia mto uzazi wake.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kutoa kipande kidogo cha nyama mgongoni, chini ya pezi la juu, kwa kisu cha mviringo chenye upana wa milimita 4 au 5 kitumiwacho na madaktari wa ngozi. Kwanza samaki hulazwa kwa dawa ya usingizi, mara nyingi mafuta ya karafuu, yale yale tuyatumiayo hapa pwani kwa maumivu ya jino. Kisha kidonda huzibwa kwa gundi ya kitabibu na samaki, akishazinduka, hurudishwa mtoni. Kipande hicho chatosha, kwani mashine hukichoma, hunasa mvuke wa zebaki kwa dhahabu na kuupima kwa mwanga, ikihitaji miligramu chache tu. La kuchunga ni unyevu: kipande kikikauka, kiwango huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kwa hiyo kifungwe kichupani na kugandishwa papo hapo.

Kukata ncha ya pezi ni rahisi zaidi, ila pezi lina zebaki kidogo kuliko nyama, na kila aina ya samaki huhitaji hesabu yake ya kulinganisha. Damu hueleza zaidi alichokula karibuni. Magamba ni ushahidi dhaifu, na kambare hana hata hayo.

Samaki aliyetiwa alama aweza kupimwa tena mwaka unaofuata, jambo ambalo maiti haiwezi kutupa. Ningependa wavuvi wa Sabaki washirikishwe, maana wao ndio wajuao kambare wakubwa hukaa wapi, na matokeo wasomewe wao na wake zao kwanza, kwa sababu methili-zebaki hupenya kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.